Ala Yashinda Panga Kumi

Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele. Na nyinyi wenzangu wa penseli na wino, habari za asubuhi.

Nimeombwa niwaeleze jinsi nilivyochora hadithi ya Mfalme Arthur, yule wa ngano za kale za Uingereza, kwa Kiswahili. Ni kurasa 140, na zimenichukua miaka mitatu na miezi. Mengi nitayapita mbio, ila kuna jambo moja nitalirudia mara kwa mara, nalo ni la ala ya upanga, yaani kifuko cha kuutilia.

Arthur angali mfalme kijana. Upanga wake wa kwanza umevunjika mikononi akipigana na Mfalme Pellinore. Merlin, mzee anayemshauri, anampeleka ziwani, na katikati ya maji unaonekana mkono uliovikwa hariri nyeupe, umeshika upanga juu. Bibi wa Ziwa anamruhusu auchukue, upanga na ala yake. Huo ndio Excalibur. Wakiwa njiani kurudi, Arthur haachi kuutazama. Merlin anamuuliza: kipi kinakupendeza zaidi, upanga au ala? Arthur anajibu papo hapo: upanga. Basi huna busara, anamwambia mzee, maana ala hiyo ina thamani ya panga kumi kama huo. Madamu umeivaa kiunoni, hutapoteza damu hata ujeruhiwe vipi.

Nilipoyafikia maneno hayo nilikuwa nimeshachora kurasa 40. Kila ukurasa ulikuwa na upanga: unang'olewa, unainuliwa, unametameta. Ala haikuwemo hata mahali pamoja. Nilikuwa nimejibu swali la Merlin kama alivyolijibu yule kijana. Nikazifunga kurasa zile, nikazitia kabatini, nikaanza upya.

Lakini ngoja kwanza nijibu swali ninaloulizwa kila ninapozitandaza kurasa hizi mezani. Kwa nini Arthur? Fumo Liyongo umemwachia nani?

Ni swali la haki, na wanaoliuliza ni watu wanaoipenda lugha yao. Liyongo nampenda tangu utotoni. Ule utendi alioundika Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 niliusikia kwa masikio kabla sijaujua kwa macho. Na hakuna picha iliyonikaa kichwani kama ile ya kisimani: shujaa amechomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe, amepiga goti, upinde umevutwa, amekwisha kufa naye bado amekaa vile vile, na watu wa mji hawathubutu kwenda kuteka maji kwa kudhani yu hai. Siku moja nitaichora. Mikono yangu bado haijafika hapo.

Tazameni lakini Pate mwaka 1728. Mwengo wa Athumani alipoketi kutunga Utendi wa Tambuka hakutunga vita vya Pate. Alitunga vya Uarabuni na Rumi, vya Mtume na mfalme Herekali, vita vya nchi ya mbali na zama za mbali. Leo hakuna anayeuita utendi ule wa kigeni. Kusimulia wafalme wa watu kwa kinywa chetu ni kazi ya zamani sana pwani hii, na mimi nimeikuta njia imeshakanyagwa. Hata msamiati niliukuta umeshaandaliwa. Deraya, chapeo, ngao, hatamu, ala, jemadari: maneno yote hayo watunzi wa tendi walikwisha kuyanoa.

Na huyo Arthur mwenyewe kwao alipitia mikono mingi. Kitabu cha Kilatini cha mwaka 830 hivi, kilichoandikwa Wales, kinamtaja kama kiongozi wa vita tu. Kinahesabu vita 12 alivyopigana, na katika cha mwisho, huko Badon, kinasema aliua watu 960 siku moja, peke yake. Meza haimo, malkia hayumo, upanga jiweni haumo. Miaka mia tatu baadaye Geoffrey wa Monmouth akamtungia maisha mazima, akamleta Merlin, akauleta na usaliti wa Mordred. Wace, mtu wa kisiwa cha Jersey, mwaka 1155 akaitia Meza ya Duara, ili wakubwa wasigombee kiti cha mbele. Mfaransa Chrétien de Troyes akaleta mapenzi ya shujaa Lancelot na malkia wa Arthur, akalileta na jina la Camelot. Robert de Boron akauchomeka upanga jiweni. Ndipo akaja Thomas Malory, shujaa aliyekuwa kifungoni, akaikusanya yote kwa Kiingereza, na ndani ya kitabu chake akawaomba wasomaji wamwombee Mungu atoke. William Caxton alikipiga chapa Westminster mwaka 1485.

Kwa hiyo mkiniuliza Arthur wa asili ni yupi, jibu langu ni kwamba kila aliyemsimulia alimwongezea kitu na kumpunguzia kitu. Nami niliingia kwenye foleni hiyo kwa heshima.

Hata picha zake ni za kale. Kwenye kanisa kuu la Modena, Italia, juu ya mlango mmoja wa upande wa kaskazini, kuna upinde wa jiwe uliochongwa karne ya 12. Katikati pana ngome, na ndani yake mwanamke ameshikwa mateka. Kutoka kulia na kutoka kushoto wapanda farasi wanaijia ngome, mikuki mbele. Na juu ya vichwa vyao, ndugu zangu, yamechongwa majina. Mmoja ameandikwa kwamba ni Artus wa Britania. Mwingine ni Galvagin, ambaye ndiye Gawain. Mwingine ni Che, ambaye ndiye Kay. Picha na maneno pamoja, na jicho la mtazamaji linasukumwa kutoka pande mbili kuingia katikati. Nilijifunza kupanga ukurasa kwa fundi yule wa Modena kuliko nilivyojifunza popote. Ukurasa wangu wa vita vya mwisho umepangwa hivyo hivyo, majeshi mawili yanaingia kutoka kingo za karatasi, na katikati, badala ya ngome, pana kichaka kidogo. Kichaka hicho tutakirudia.

Sasa mavazi. Mchoraji yeyote anayemgusa Arthur lazima aamue anachora karne gani, na akiamua asitetereke. Kama Arthur aliishi kweli, aliishi karibu na mwaka 500, Warumi wamekwisha kuondoka Uingereza. Ile deraya ya mabamba ya chuma inayomfunika mtu toka utosini hadi vidole vya miguu ni ya miaka ya 1400, zama za Malory. Ngome za mawe zenye minara mirefu nazo ni za baadaye. Hal Foster, aliyeanza mwaka 1937 kuchora habari za mwanamfalme kijana wa zama za Arthur katika magazeti ya Marekani, ukurasa mzima kila wiki, maneno yote chini au kando ya picha wala si kwenye viputo, alichora ngome na mavazi ya karne za baadaye. Alichagua uzuri, na kwa mkono aliokuwa nao alikuwa na haki ya kuchagua. Mimi nilichagua mwaka 500. Deraya zangu ni za pete za chuma zilizofumwa, ukumbi wa mfalme ni wa nguzo za mbao na paa la makuti ya kwao, yaani majani makavu, kama ule ambao Leslie Alcock alizikuta alama za nguzo zake alipochimba kilima cha South Cadbury kati ya 1966 na 1970.

Uamuzi huo una gharama zake. Mwaka 500 farasi wa Ulaya hawakuwa na vikuku vya kukanyagia. Bila vikuku, mtu hawezi kujikita kwenye tandiko akamgonga mwenzake kwa mkuki mrefu uliobanwa kwapani, na michezo yote ile ya kuangushana farasini inapotea. Niliifuta. Kurasa 18 zilikwenda na sikuzililia.

Uamuzi huo ulinipa na zawadi. Kuna jabali la Tintagel, pwani ya Cornwall, ambapo hadithi husema ndipo mimba ya Arthur ilipotungwa. Wachimbaji wamekuta hapo vigae vya karne ya 5 na ya 6 vilivyoletwa kwa merikebu kutoka bahari ya Mediterania, na kati yake vimo vya sahani nyekundu zilizofinyangwa Afrika Kaskazini, pande za Tunisia ya leo. Fikirieni! Mtu wa Cornwall, upepo wa Atlantiki unampiga, anakula samaki wake kwenye sahani ya Afrika. Nikaichora sahani hiyo mezani kwa Igraine, mamake Arthur, ukurasa wa tatu. Kitabu changu chote ni cheusi na cheupe isipokuwa vitu viwili tu vyenye rangi nyekundu. Cha kwanza ni sahani ile. Cha pili ni majina: hati ya kitabu cha Malory iliyogunduliwa Winchester mwaka 1934 ina majina ya watu kwa wino mwekundu, nami nilipoona picha ya ukurasa wake, kila mtu anapotajwa mara ya kwanza kwenye kiputo nikaliandika jina lake vivyo hivyo.

Vijana wengi wananiambia: tutie na shujaa mweusi kwenye meza ya Arthur, ili na sisi tuwemo. Nawaambia hana haja ya kutiwa, yumo tangu karne ya 13. Kuna utenzi wa Kiholanzi wa zamani unaosimulia habari za Morien, kijana wa binti mfalme wa Wamoori na shujaa Aglovale wa meza ile ile. Baba alimwahidi mama kwamba atarudi, hakurudi. Kijana akakua, akapanda farasi, akaenda kumtafuta. Mtunzi anasema alikuwa mweusi tii toka kichwani hadi miguuni isipokuwa meno. Anafika pwani akitaka kuvuka maji, na wenye vyombo wanamkimbia kwa sababu ya rangi yake. Nilimpa kurasa sita. Katika moja amesimama peke yake ufukweni, farasi ameinamisha kichwa, na upeoni mwa bahari tanga linakwenda zake. Sikuandika neno kwenye ukurasa huo. Nani asiyemjua kijana anayemtafuta baba aliyeahidi kurudi?

Naja kwenye lugha, na hapa nitakaa kidogo.

Tabu ya kwanza ilikuwa Merlin. Ukimwita mchawi, msomaji wetu anaona mtu wa usiku, anayeroga. Ukimwita mganga, anaona dawa na tunguri. Merlin si huyo wala si yule. Nilikaa na neno hilo majuma mawili, mwisho nikamwita mzee. Mzee Merlin. Atendayo yanatosha kumweleza. Wale mashujaa nikawaita Bwana: Bwana Gawain, Bwana Bedivere, na jina hilo likawakaa vizuri mno.

Tabu ya pili iligeuka kuwa ukurasa ninaoupenda kuliko yote. Mnajua Arthur hakulelewa na baba yake mfalme. Alipozaliwa alipewa Bwana Ector amlee, na mtoto hajui. Anajua Ector ndiye baba na Kay ndiye kaka. Siku ya mwaka mpya wanakwenda kwenye mashindano, Kay amesahau upanga nyumbani. Anamtuma mdogo wake. Arthur anakuta nyumba imefungwa, wote wamekwenda kutazama mashindano, basi anapita uwanja wa kanisa na kuuchukua ule uliochomekwa kwenye fuawe juu ya jiwe. Hajasoma maandishi yake, kwamba atakayeung'oa ndiye mfalme. Anachotaka ni kaka yake asiaibike. Kay akiuona tu anautambua, anakwenda kwa baba: upanga wa jiwe huu hapa, basi mfalme ni mimi. Ector anamwingiza kanisani, anamwapisha juu ya kitabu aseme ukweli. Kay anasema ukweli.

Wanarudi jiweni. Ector anavuta, haung'oki. Kay anavuta, haung'oki. Arthur anaung'oa. Na hapo baba na kaka wanapiga magoti chini, na Arthur anasema, katika Malory, maneno ambayo ukiyasikia huwezi kuyasahau: baba yangu, na wewe kaka yangu, mbona mnanipigia magoti?

Nililichoraje hilo kwa Kiswahili? Nilirudi asubuhi ya siku ile, kurasa nne nyuma. Ector anatoka chumbani, Arthur anasimama. Kiputo cha Arthur: "Shikamoo, baba." Kiputo cha Ector: "Marahaba, mwanangu." Kisanduku kidogo cha picha, cha kawaida, asubuhi kama asubuhi zote za nyumba yoyote. Kisha jioni, pale jiweni, mzee amepiga magoti na mikono yake imegusa viatu vya mtoto: "Nashika miguu yako, bwana." Neno ni lile lile, limerudi kwenye asili yake, na limepinduka. Kisanduku kinachofuata ni uso wa Arthur peke yake. Nilimchorea kiputo, nikakiacha kitupu. Marahaba haiwezi kumtoka. Katika kisanduku cha tatu ndipo analia, na Ector anamwambia kwamba hakuwa baba yake kamwe wala damu yao si moja.

Watoto wa kulea mnaowajua, waleteni wausome ukurasa huo. Mmoja aliniandikia barua baada ya kuusoma, na nimeitunza.

Sasa turudi kwenye ala.

Baada ya kuanza upya, nilijiwekea sharti. Tangu Arthur alipoipokea ala, ionekane kiunoni mwake katika kila kisanduku ambamo kiuno chake kinaonekana, na asiwepo hata mtu mmoja wa kuitaja. Akila, ipo. Akioa, ipo. Amelala homa, imetundikwa kwenye nguzo ya kitanda. Niliichora ala ile mara 200 na zaidi, mkono ukaizoea kama unavyoizoea saini.

Kisha anakuja dada yake, Morgan. Ni dada wa tumbo moja, mama yao Igraine. Anamkuta Arthur amelala. Alikuja kuiba upanga, lakini mfalme amelala nao uchi mkononi, hawezi kuutoa bila kumwamsha. Anachukua ala. Arthur anaamka, anamfukuza kwa farasi, na Morgan anapoona atakamatwa anaitupa ziwani mahali penye kina kirefu. Ikazama upesi, maana ilikuwa nzito kwa dhahabu na vito. Nilimaliza ukurasa huo kwa neno moja kubwa lililojaa upana wa karatasi: chubwi!

Tangu hapo kiuno cha mfalme ni kitupu. Upanga anao, umetiwa kwenye ala nyingine ya ngozi, ya kawaida, isiyo na nakshi. Hakuna anayelizungumza. Kurasa 70 zinapita. Binti wa jirani yangu, wa miaka tisa, alikuwa akizisoma kurasa hizi nikizimaliza, amelala kifudifudi sakafuni. Siku moja aliinua kichwa akaniuliza, "Babu, ile ala yake nzuri mbona hakwenda kuitafuta?" Niliweka brashi chini. Sikuwa na jibu, na Malory hana jibu. Arthur alikuwa mfalme wa nchi nzima, na sikumbuki kwamba aliwahi kutuma hata mtu mmoja ziwani.

Ndugu wachoraji, hapo ndipo hadithi hii ilipo. Tunaipenda kwa sababu ya upanga, nayo inatuambia mapema kabisa kwamba tunapenda kitu kisicho chenyewe. Cha kuulia kinang'aa. Cha kuzuia damu kinaning'inia pembeni, na mchoraji akiwa na haraka hakichori.

Kuna ukurasa mwingine wengi huuruka. Merlin anamtabiria Arthur kwamba atakayemwangamiza atazaliwa siku ya kwanza ya Mei. Arthur anaamuru watoto wachanga waliozaliwa siku hiyo wakusanywe, watiwe kwenye merikebu na kusukumwa baharini. Chombo kinavunjika. Anaokoka Mordred, mwanawe mwenyewe aliyemzaa na dada yake mwingine, Morgause, bila kujua kwamba ni dada. Niliambiwa na watu wenye nia njema niuache ukurasa huo, maana unamharibu shujaa. Nimeuchora. Sisi sote tumesimuliwa habari za Firauni tangu madrasa na shule ya Jumapili, tunajua mfalme anayeogopa watoto ni mfalme wa namna gani. Msomaji akifichwa hilo, kifo cha Arthur mkononi mwa mwanawe kitaonekana ni bahati mbaya tu.

Tumefika kwenye kichaka.

Uwanda wa Salisbury, majeshi mawili. Arthur na Mordred wamekubali kukutana katikati, kila mmoja na watu 14, wapatane. Kila mmoja ameliambia jeshi lake: mkiona upanga wowote umechomolewa, shambulieni, maana simwamini. Wanakutana. Wanapatana kweli! Mvinyo unaletwa, wanakunywa. Na hapo nyoka anatoka kichakani, anamgonga shujaa mmoja mguuni. Mtu yule anaangalia chini, anaona nyoka, anachomoa upanga amuue. Malory anasema hakuwa na nia nyingine yoyote. Majeshi yakauona upanga unang'aa.

Mara ya kwanza nilichora nyoka mkubwa, mnene, amejikunja kama chatu wetu. Haikufaa. Uingereza ina nyoka mmoja tu wa asili mwenye sumu, jamaa ya kifutu wetu, lakini mwembamba, urefu wake haupiti mkono wa mtu mzima, na mgongoni ana mstari wa kwenda upogoupogo. Nilipomchora alivyo, mdogo hivyo, ukurasa ukatisha zaidi. Nilitumia visanduku vinane vyembamba vilivyosimama kama fito za uzio. Kikombe cha mvinyo. Mkono wa Mordred unapokea kikombe. Majani ya kichaka. Majani yale yale, sasa yana jicho. Kiatu. Uso wa mtu, mdomo wazi, hana jina. Vidole vyake vimeshika mpini, na upanga umetoka shubiri moja tu. Cha nane ni kutoka mbali sana, kutoka kwenye macho ya jeshi: watu wadogo kama sisimizi, na nukta moja nyeupe pe ya chuma kwenye jua.

Vita vyenyewe nilivipa kurasa mbili. Malory anasema walikufa watu 100,000. Nilichora farasi wasio na watu.

Mwisho wa vita Mordred amechomwa mkuki na Arthur, naye anajisukuma mbele, mkuki unampita, ili amfikie baba yake, ampige upanga wa kichwa. Jeraha linavuja. Hakuna wa kulizuia, na safari hii sikuhitaji kuchora chochote kiunoni ili msomaji akumbuke.

Arthur anamwita Bwana Bedivere, mmoja wa wachache waliobaki, amwambia akautupe Excalibur majini. Bedivere anakwenda, anaona vito vya mpini, anaona huruma, anauficha chini ya mti. Anarudi. Umeona nini? Sikuona kitu, mfalme wangu, ila mawimbi na upepo. Anarudishwa. Anauficha tena. Mara ya tatu, baada ya mfalme kumwambia kwamba anamsaliti kwa tamaa ya utajiri wa upanga, anautupa. Mkono unatoka majini, unaudaka, unautikisa mara tatu, unazama nao. Kumbukeni ala ilizama kwa chubwi. Upanga haukugusa maji, ulidakwa. Ukurasa ule hauna sauti hata moja.

Na hapa nina la kuwaonya, vijana. Chapa ya kwanza niliipeleka kiwandani nakala 500. Mkono ule niliuchora juu kabisa ya karatasi, vidole vinakaribia ukingo, kwa sababu nilitaka upanga uonekane unaondoka duniani. Mashine ya kukatia karatasi ikala nusu kidole ya pambizo la juu. Nilipofungua kifurushi cha kwanza nikaona upanga unaelea hewani na mkono umekatwa. Nakala 500 zote. Niliketi sakafuni kati ya vifurushi vile mpaka magharibi. Acheni kidole kizima cha nafasi tupu kila upande, na ombeni nakala moja ya majaribio iliyokwisha kukatwa, muishike mkononi kabla ya kusema endeleeni. Chapa ya pili niliishusha picha chini, mkono ukapona.

Ukurasa wa mwisho ni wa jahazi. Limejaa wanawake wenye ushungi mweusi, wanalia. Bedivere anamlaza mfalme ndani, na malkia mmoja anampakata kichwa. Malkia huyo anamwita kaka. Ni Morgan, ndugu zangu. Ni yule yule aliyeitupa ala ziwani. Anasema, na Kiswahili hapa hakikunipa tabu yoyote, kilinijia chenyewe: "Kaka yangu, mbona umekawia hivi? Jeraha la kichwa limepigwa na baridi mno."

Nilichora mkono wake umefunika jeraha. Chini ya jahazi nikachora maji, na chini kabisa ya maji, kwa mistari hafifu ambayo msomaji anaweza asiione mara ya kwanza, nikachora kitu kirefu chenye nakshi, kimelala mchangani.

Karatasi zenyewe za wino nimezileta. Ziko kwenye meza ile ya nyuma, dirishani, ya jahazi iko juu. Osheni mikono kwanza, kisha njooni mzishike.